Kwa nini bloku ya viraka tisa inakataa kuwa mraba

Swali: Shikamoo fundi. Niko Pasua, Moshi, na nina cherehani ya miguu niliyoachiwa na mama mkwe. Fundi jirani ananipa mabaki ya vitenge bure, nikaona nishone mfarishi wa viraka kabla baridi ya mwezi wa saba haijatukuta. Nimekata viraka vya inchi 4 kwa 4, nikaviunga tisa tisa, tatu kwa tatu, nikitegemea bloku ya inchi 12. Nimemaliza bloku nne na hakuna inayolingana na mwenzake. Ya kwanza juu ina inchi 10, chini ina 10 na robo tatu. Pembe hazikutani, katikati pamevimba, na nikiitazama kwa mbali naona rangi zimevurugana tu, ule mpangilio wa giza na mwanga hauonekani. Sina kile kisu cha gurudumu wala mkeka wake ninavyoviona kwenye video. Nakosea wapi? Na hizi nne nizitupe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usizitupe, nitakuambia cha kuzifanyia. Umefanya vizuri kupima kabla ya kuuliza, maana hizo inchi zako ndizo zilizonieleza tatizo. Wengi huniletea bloku na neno moja tu, "imeharibika", nami nianze kutafuta futi.

Tuanze na hesabu. Ukipanga viraka vitatu vya inchi 4 mezani, unapata 12. Ukivishona hupati 12 tena, kwa sababu kila mshono unakula kitambaa kutoka viraka viwili kwa pamoja. Safu ya viraka vitatu ina mishono miwili, basi imeliwa mara nne. Ukishona kwa kuacha nusu inchi ukingoni, safu inapoteza inchi 2 nzima na kubaki na 10. Hiyo ndiyo safu yako ya juu. Safu ya chini imebaki na 10¾, yaani imepoteza inchi 1¼ tu. Gawa kwa nne, utaona kwamba huko chini ulikuwa unaacha kidogo tu kupita robo inchi. Kwa hiyo mkasi wako hauna lawama kubwa. Ulianza na nusu inchi, ukaishia jirani na robo, na cherehani haikukuambia kitu.

Sisi wa nguo tumezoea nusu inchi, na wengine huacha hata zaidi, akiba ya siku mteja akinenepa. Tena kwenye gauni mshono ukizidi kidogo upande mmoja, mwili unaficha. Viraka havifichi, na kosa dogo linajumlishwa. Chukua mfarishi wenye bloku sita kwa upana. Ndani ya bloku hizo kuna mishono 12, na ya kuziunga ni 5, jumla 17. Ukizidisha ukingo kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu, kitu ambacho jicho halikioni, kila mshono unakula moja ya nane zaidi, na upana wote unapungua inchi 2 na ushee. Ukizidisha kwenye bloku moja na kupunguza kwenye nyingine, hapo ndipo unapopata mfarishi unaopinda kama bati lililopigwa na upepo.

Dawa ni mshono wa robo inchi, kila mahali, bila kuyumba. Robo inchi ni karibu milimita 6. Ilichaguliwa na washona viraka kwa sababu inatosha kushika na haijazi nyuma ya kitambaa, na wewe unayeshona kitenge unaihitaji kuliko mwenye kitambaa laini. Ule uvimbe wa katikati kwa sehemu kubwa ni zile nusu inchi zilizorundikana pale pembe nne zinapokutana.

Ukishakubali robo inchi, kipimo cha kukata kinajileta chenyewe: chukua ukubwa unaoutaka kiraka kikiwa kimeshashonwa, ongeza nusu inchi. Nakushauri uache viraka vya 4 na ukate vya 3½. Kila kimoja kikishashonwa pande zote kitabaki inchi 3, na bloku itakuwa 9½ ikiwa mkononi mwako, 9 ikiwa ndani ya mfarishi. Tisa ni namba rahisi ukifika kwenye kitanda.

Sasa hiyo robo inchi utaishikaje kwenye cherehani ya miguu? Wengi hufuata ukingo wa mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa. Kwenye cherehani nyeusi za miguu, kidole cha kulia cha huo mguu mara nyingi ni chembamba na hakifiki robo inchi. Kwa hiyo usikisie. Toa uzi kwenye sindano. Laza futi ya kupimia chini ya mguu, ikiwa imekatisha bamba la chuma lililo chini ya sindano, namba zikipanda kuelekea kulia. Usitumie mwanzo wa futi, maana kile kibati cha mwishoni kinadanganya. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mpaka ncha ya sindano iguse alama ya inchi 10. Shusha mguu ili futi isiteleze. Pale ilipo 10 na robo, upande wa kulia, ndipo ukingo wa kitambaa chako utakapopita siku zote.

Bandika plasta hapo, ile ya duka la dawa ya kufungia kidonda, kwa sababu ni nene na inashika. Weka tabaka tatu au nne, moja juu ya nyingine, mpaka upate kijiukuta ambacho ukingo wa kitambaa unaweza kuegemea. Ukuta huo uanze karibu na mguu na uje upande wako inchi mbili tatu, ili kitambaa kiwe kimenyooka kabla hakijafika kwenye sindano. Usifunike meno yanayovuta kitambaa. Na unaposhona, macho yawe kwenye plasta. Sindano haiendi popote, iache ifanye kazi yake.

Kabla hujagusa kiraka chochote, jaribu ukuta wako. Kata vipande vitatu vyembamba kutoka kitambaa usichokihurumia, kila kimoja upana wa inchi 1½ na urefu wa inchi 4 hivi. Viunge kwa urefu, piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe na inchi 1 kamili. Kikizidi, ukingo wako ni mwembamba, sogeza plasta mbali kidogo na sindano. Kikipungua, isogeze ndani. Utashangaa kuona kwamba hata ukipima robo kamili, kile cha kati kinatoka pungufu kidogo. Kitambaa kinapokunjika juu ya uzi kinakula unene wake, na kitenge kinakula zaidi. Ndiyo maana robo ya viraka huwa pungufu kwa unene wa uzi mmoja hivi. Rudia jaribio hili mpaka likubali. Nikikusisitizia jambo moja tu katika barua hii yote, ni hili.

Sindano weka namba 14, mpya. Mshono uwe na hatua kama 12 kwa inchi. Hesabu kwenye kitambaa cha majaribio, usiamini namba za kwenye kile kiwiko cha kupangia urefu wa hatua, kwenye cherehani iliyokaa miaka. Hakuna haja ya kurudisha nyuma mwanzo na mwisho, kwa sababu kila mshono utakuja kukatizwa na mwingine utakaoufunga. Cherehani za miguu zina tabia ya kumeza pembe ya kitambaa mwanzoni. Anza kwa kushona juu ya kitambaa chakavu, ukimaliza usikate uzi, ingiza jozi ya kwanza ya viraka, halafu ya pili, halafu ya tatu, zifuatane kama bendera za sherehe. Utakuja kuzikata zote mwishoni. Unaokoa uzi na hakuna pembe inayomezwa. Na usivute kitambaa kwa nyuma ukidhani unakisaidia.

Kisu cha gurudumu ni kitu kizuri, lakini viraka vilishonwa miaka mingi kabla hakijatengenezwa. Wewe tengeneza patani, yaani kipande kigumu cha kuchorea kiraka. Boksi la biskuti linafaa kwa bloku chache, kisha pembe zake zinalika kwa penseli na viraka vinaanza kukua bila wewe kujua. Plastiki ngumu ni bora, mfano filamu ya zamani ya eksirei, inayokatika kwa mkasi na haichakai haraka. Chora mraba wa inchi 3½ kwa rula ya shule, ukate, kisha upime kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane, na kila kimoja kiwe karibu inchi 5 kasoro kidogo sana. Visipolingana umechora kitu kilicholala upande, hata kama kila ubavu una 3½.

Chorea upande wa nyuma wa kitambaa. Penseli iliyochongwa kwa vitambaa vyeupe. Kwa vyeusi, kipande cha sabuni ya mche kilichokauka na kunolewa ukingo. Chaki ya fundi ikiwa butu inachora mstari mnene, na ndani ya mnene huo kuna moja ya kumi na sita tuliyoisema. Kata mstari wenyewe uondoke. Kata kitambaa kimoja, ukizidisha viwili, maana mkasi unasukuma vya chini pembeni.

Kuna jambo la mabaki ya fundi ambalo watu hawalioni. Vipande vingi unavyopewa vimetoka kwenye mikato ya shingo, makwapa na nyonga, kwa hiyo kingo zake zimekatwa hanamu, yaani kwa mshazari. Ukipanga patani kwa kufuata ukingo ulioukuta, kiraka chako kitakuwa kimelala hanamu pia, na kitavutika kila ukikigusa. Shika kipande kwa vidole viwili viwili, ukivute taratibu kila upande. Kwenye mtande, uzi wa urefu wa kitambaa, hakiendi, kwenye mshindio, uzi wa upana, kinaenda kidogo sana, hanamu kinanyumbuka. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja ukingoni uone unakoelekea. Pande za patani zifuate uzi huo, hata kama maua ya kitenge yamekaa upande, na mara nyingine yamekaa upande kweli, kwa sababu uchapaji haufuati uzi siku zote.

Chagua pia kitambaa chenyewe. Si kila kinachoitwa kitenge ni pamba. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya kifuniko cha bati, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha majivu laini yanayopotea ukiyagusa. Yenye nailoni au poliesta inajikunja, inayeyuka, na inaacha kijiwe kigumu cheusi. Hicho kiweke kando. Hakikunjiki vizuri kwa pasi, na pasi ikiwa kali kinaweza kukuyeyukia. Khanga ni pamba nyepesi, inafaa, ila usiichanganye na kitenge kizito kwenye bloku moja bila kuitia wanga kwanza, vinginevyo khanga itavutika na kitenge kitabaki palepale.

Loweka kila kitu kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, kinapungua, na vingine vinachuja. Vyekundu na vya buluu iliyoiva vijaribu peke yake: kitambaa cheupe kilicholowa maji juu yake, pasi ya moto, uangalie kama cheupe kimebeba rangi. Kikibeba, loweka tena mpaka kiache. Kama hakiachi, kitafaa kwa kitu kingine. Chumvi na siki watu wanazisifu sana kwa kufunga rangi. Kwenye kitenge kilichokwisha kuchapwa usizitegemee.

Kuhusu rangi kuvurugana. Umepanga kwa vitambaa: hiki kitenge nitakiita cheusi, kile nitakiita cheupe. Lakini kitenge chenye ua kubwa, ukikikata inchi 3½, kiraka kimoja kinaangukia kwenye bluu iliyoiva na cha pili, cha kitambaa hichohicho, kinaangukia kwenye manjano. Ndiyo maana mpangilio wako ulipotea. Kata viraka vyote kwanza. Kisha vitandaze sakafuni, simama, finya macho, na uvigawe kiraka kimoja kimoja kwa jinsi kinavyoonekana ukiwa mbali, bila kujali kimetoka kitenge gani. Vinavyoonekana giza fungu moja, vinavyoonekana mwanga fungu la pili. Vile visivyo huku wala huko, na vitakuwa vingi, viweke kwenye mfuko. Simu inasaidia pia: piga picha, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, hapo rangi haikudanganyi tena.

Nitabiri: fungu la mwanga litakuwa dogo. Vitenge vinapenda kelele. Njia ya bei nafuu ni mashati ya kiume ya mtumba, meupe au ya rangi ya mawingu, ya pamba tupu. Huku Arusha tunayatafuta soko la Kilombero. Ninyi mna masoko ya Memorial na Kiboriloni. Soma kile kitambulisho cha ndani kwenye ukosi au ubavuni kabla hujalipa, na usinunue fulana, maana zile zimefumwa na zinavutika. Mgongo wa shati moja kubwa unakupa viraka vya kutosha bloku kadhaa. Shati lenye kola iliyochakaa muuzaji atakupunguzia, nawe kola huitaki.

Sasa kuunga. Bloku inataka viraka vitano vya giza na vinne vya mwanga. Safu ya kwanza ni giza, mwanga, giza. Ya pili mwanga, giza, mwanga. Ya tatu kama ya kwanza. Zipange mezani zote tisa na usinyanyue zote kwa mpigo. Shona safu tatu kwanza, kila moja peke yake, kisha nenda kwenye pasi. Usiunge safu kabla ya pasi. Najua unataka kuona inavyotokea.

Pasi ya viraka ni tofauti na ya nguo. Hapa unabonyeza, unanyanyua, unahamia pengine. Ukisukuma pasi huku na huko kama unanyoosha shati la shule, unavuta kiraka na kukiharibia umbo baada ya kazi yote ya kukata. Bonyeza kwanza mshono ukiwa umefungwa, viraka viwili vikiwa vimelaliana, ili uzi uzame kwenye kitambaa. Kisha fungua kwa juu, na ule ukingo wa nyuma uulaze wote upande mmoja, upande wa kiraka cha giza. Kama unatumia pasi ya mkaa, jaribu joto lake kwenye chakavu, futa sakafu yake, na tandaza kitambaa cheupe juu ya kazi yako, maana cheche moja ndogo inatosha kutoboa.

Sasa angalia kilichotokea nyuma. Safu ya kwanza na ya tatu giza liko nje, kwa hiyo kingo za mishono zimelala kuelekea nje. Safu ya pili giza liko katikati, kwa hiyo zimelala kuelekea ndani. Ukizilaza safu mbili uso kwa uso, kingo za huku zinatazama kushoto na za kule kulia, na pale zinapokutana zinagongana na kubanana. Pitisha kidole gumba na cha shahada juu ya makutano. Ukisikia kituta, bado hazijakaa. Sogeza kidogo mpaka pawe sawa na mshono wa juu uwe umeegemea wa chini bila mwanya. Choma pini upande huu wa makutano na nyingine upande ule. Fanya hivyo kwenye makutano yote mawili, ndipo ushughulike na ncha za safu. Ukianza na ncha, tofauti yote unaisukumia katikati.

Hapo ndipo pembe zinapokutana, na hapo ndipo uvimbe unapoondoka, kwa sababu tabaka zimegawanyika huku na huku badala ya kulaliana upande mmoja. Mshono wa safu na safu unaweza kuulaza upande wowote, au kuufungua pande zote mbili kama kitenge ni kizito sana.

Ukimaliza pima. Ubavuni 9½, na kutoka pembe hadi pembe karibu 13½ kasoro kidogo, pande zote mbili sawa. Ikipishana kwa moja ya nane, iache, ukiiunga na jirani yake itajirekebisha kwa pini. Ikipishana kwa robo, fumua mshono mmoja wenye kosa. Kufumua pia kuna namna: kwa wembe, kata hatua moja kila baada ya tatu au nne upande mmoja wa mshono, kisha geuza na uvute uzi wa upande wa pili, utatoka mzima. Usichane viraka kwa kuvitenganisha kwa nguvu, unavuta kingo. Na usikate bloku ya viraka tisa pembeni ili "kuinyoosha", kwa sababu utaondoa kwenye viraka vya nje tu, na ukiiunga na jirani yake vitaonekana vifupi kuliko vya kati.

Hujaniuliza kama ni lazima pembe zikutane, lakini watu huuliza. Si lazima. Kule Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake Weusi wameshona kwa vizazi mifarishi kutoka nguo kuukuu za kazi, mistari inapinda wanavyotaka wenyewe, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston. Ukitaka mistari inayotembea, ni haki yako. Ila mfarishi wa kitandani unataka ulale bapa, na bloku ya viraka tisa, kwa kuwa ni miraba mitupu, inaonyesha kila kilichopinda. Jifunze kuinyoosha kwanza, kisha ipinde kwa kupenda.

Kwa kitanda cha nne kwa sita, yaani inchi 48 kwa 72, panga bloku 6 kwa upana na 9 kwa urefu. Hiyo inakupa inchi 54 kwa 81, inaning'inia kidogo pembeni na kubaki nyingine ya kufunika mabega. Bloku 54 za viraka ni kazi ya kumkatisha tamaa mtu anayeanza, kwa hiyo pishanisha: 27 za viraka na 27 za kitambaa kitupu, kila kimoja kimekatwa 9½ kwa 9½. Viraka utakavyohitaji ni 135 vya giza na 108 vya mwanga. Ndani weka blanketi jepesi la zamani lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Kwa chini, doti moja ya khanga inakaribia kukutosha: khanga ni kama sentimita 150 kwa 110, ukiziunga mbili ubavu kwa ubavu unapata karibu inchi 59 kwa 85. Zifue kwanza, kisha pima tena, maana khanga hazilingani zote. Ukiona 27 ni nyingi, bloku 4 zikiungwa mbili mbili zinatoa foronya ya kochi ya inchi 18, na mwezi wa saba utakukuta una kitu cha kuonyesha.

Sasa zile nne zako. Chukua moja, tafuta katikati ya kiraka cha kati, na uikate bloku nzima vipande vinne sawa, mkato mmoja wa wima na mmoja wa mlalo. Kila robo ina kiraka kizima kwenye pembe, nusu mbili, na kipembe kidogo cha kile cha kati. Punguza kila robo iwe inchi 5 kwa 5, ukipima kutoka kwenye mkato wa katikati. Bloku yako nyembamba ina 10 juu, kwa hiyo zinaingia, ila kwa shida. Robo isiyofika 5 ibadilishe na ya bloku nyingine. Usizivutevute, maana umekata nyuzi za mishono na ncha zinaweza kufunguka.

Zipange tena mezani kama zilivyokuwa, kisha chukua mbili zinazotazamana kwa pembe na kuzigeuza nusu mzunguko. Mishono ya robo moja haitakutana tena na ya jirani yake, kwa hiyo hakuna atakayejua kwamba haikukutana tangu mwanzo. Ziunge kwa robo inchi yako mpya: tano na tano ni kumi, mshono unakula nusu, zinabaki 9½, kipimo kilekile cha bloku mpya. Zihesabu pamoja na nyingine. Umebakiza 23.